Kichwa cha risasi cha shaba kimetoboa tundu la penseli mita 320, shida ni kaliba au ni kasi ya kugonga?

mtutu_mfupi

Wakuu habari za muda huu. Nina jambo linanisumbua wiki ya tatu sasa na naomba wenye uzoefu mnisaidie, sitaki lijirudie.

Natumia bunduki ya kaliba .308 (upana wa kichwa kwa inchi), mtutu mfupi wa inchi 16 na nusu, kichwa (ile sehemu ya risasi inayoruka) ni cha shaba tupu greni 150, kama gramu 9.7. Nilihamia shaba kwa makusudi kabisa, hii nyama wanakula watoto na sikutaka vipande vidogo vya madini ya risasi vibaki humo. Sasa siku hiyo kila kitu kilikuwa sawa, bunduki nimeiegemeza vizuri, upepo hakuna, kulungu dume kasimama ubavu kabisa, kipima umbali kinasoma mita 320. Nikapiga, nikasikia kabisa imegonga, yule mnyama akaruka mara moja akaondoka kama hajaguswa. Damu ni tone hapa, tone pale. Tulimfuata zaidi ya masaa 3 na tulipomkuta alikuwa bado anapumua. Nikammaliza haraka lakini ile sura haijanitoka mpaka leo. Tulipomfungua tundu la kuingilia na la kutokea yako sawasawa, mapafu yametobolewa kama umepitisha penseli, hayajachanika.

Upande wa pili sasa. Rafiki yangu ana .300 Win Mag (upana uleule ila baruti nyingi zaidi), na yeye anatumia greni 150 lakini ile ya kawaida ya ncha laini, madini ya risasi ndani na koti jembamba nje. Msimu uliopita alimpiga nguruwe pori mita 40 hivi, begani. Kichwa kikasambaratika juu ya mfupa, kidonda kipana cha kutisha lakini juu juu tu, kwenye mapafu hakijafika, ikabidi apige ya pili.

Kinachonichanganya ni kwamba upana wa kichwa ni uleule na uzito ni uleule, changu hakikufanya kitu chake kikafanya kupita kiasi. Na nishati nilipiga hesabu kabla, kwa namba za kwenye boksi nilikuwa na kama joule 1,800 kwenye ule umbali, wakati wengi wanasema joule 1,350 hivi inamtosha mnyama wa ukubwa ule. Sasa nihamie kaliba kubwa au kuna kitu sikielewi?

msitu_mnene

Pole mkuu. Mi ningekuambia usizunguke sana, chukua .338 au angalau hiyo .300 ya rafiki yako. Kaliba ndogo na umbali mrefu haviendi.

baruti_na_hesabu

Hapana, hapo juu sikubaliani kabisa na naomba nieleze kwa urefu maana hili jambo watu wengi wanalipoteza kwenye hesabu ya joule.

Nishati haifungui kichwa, yaani haikichanui kikawa kipana ndani ya mnyama. Kinachofungua kichwa ni msukumo wa maji yaliyomo kwenye mwili wa mnyama dhidi ya ile ncha, na msukumo huo unakua kwa mraba wa kasi, uzito wa kichwa haumo humo kabisa. Yaani chukua kichwa cha greni 150 na cha greni 220, viende kasi moja, ncha zao zinakutana na msukumo uleule ingawa joule ni tofauti sana. Ndo maana mtengenezaji makini anakuambia kichwa hiki kinachanua kuanzia kasi fulani, hakuambii kuanzia joule fulani.

Sasa tuweke namba kwenye visa vyako viwili. Boksi la .308 greni 150 kwa kawaida linaandika futi 2,820 kwa sekunde, kama mita 860, lakini hiyo mara nyingi imepimwa kwenye mtutu wa inchi 24. Wewe una 16 na nusu. Kila inchi unayokata unapoteza takriban futi 20 hadi 30 kwa sekunde, kwa hiyo uhalisia wako ukitoka mdomoni ni kama mita 805 hivi. Ukifika mita 320 kichwa cha umbo hilo kimeshuka mpaka kama mita 565 kwa sekunde. Vichwa vingi vya shaba tupu vinahitaji zaidi ya mita 610 (futi 2,000) ili vichanue inavyotakiwa. Hata ungekuwa na ule mtutu wa inchi 24 ungekuwa umesimama ukingoni kabisa, kwa mtutu wako ulishavuka ukingo. Na angalia joule zako halisi pale, zinabaki kama 1,550, bado juu ya ile 1,350 ya watu, na kichwa hakikufunguka. Hilo ile kanuni ya joule hailioni.

Rafiki yako naye, 150 kwenye .300 Win Mag inatoka na karibu mita 1,000 kwa sekunde, mita 40 bado ina kama 970. Piga mraba: 970 kwa 565, msukumo kwenye ncha ni karibu mara 3 ya wako. Wako ulikuwa zaidi ya mara 1,500 ya presha ya hewa tunayoivuta, wake zaidi ya mara 4,500. Halafu alichogonga kwanza ni mfupa. Kichwa cha koti jembamba na madini laini ya risasi ndani hakiwezi kuvumilia hayo.

Kwa hiyo kila kichwa kina dirisha lake la kasi. Chini ya dirisha kinapita kama msumari, juu ya dirisha kinavunjika kabla hakijafika ndani. Wewe umetokea chini, mwenzio katokea juu, na upana wa kichwa wala hauhusiki.

mtutu_mfupi

Daah. Mkuu asante sana, yaani hii ya mtutu sikuwahi kuifikiria hata mara moja, nilichukua namba ya boksi nikaingiza kwenye programu ya simu nikaamini. Swali dogo, kwa nini shaba inahitaji kasi kubwa kuliko madini ya risasi? Na hiyo 610 ni ukuta au inafifia taratibu?

baruti_na_hesabu

Madini ya risasi ni laini mno, unaweza kuyakwaruza kwa kucha, yakisukumwa tu yanatiririka pembeni na kuvuta koti lifunguke. Vichwa vingi vya kawaida vya ncha laini vinachanua vizuri mpaka kwenye mita 550 kwa sekunde (futi 1,800). Shaba ni ngumu, haitiririki, inabidi maji yaingie kwenye tundu la ncha yapasue kuta zake zijikunje nje kama petali. Ikiwa msukumo hautoshi kuta zinabaki zimesimama. Zile zenye ncha ya plastiki zinasaidia kidogo kwa sababu ile ncha inarudishwa nyuma inaingia kama kabari.

Na hapana sio ukuta. Kwenye 700 unapata petali zimejikunja mpaka nyuma, kwenye 640 zimefunguka nusu, kwenye 610 kidogo tu. Watengenezaji wengine wanaandika kasi ambayo kichwa *kinaanza* kufunguka, na kuanza kufunguka bado si kufanya kazi. Mi huwa naongeza mita 30 juu ya namba yao ndo naiita mwisho wangu.

nyayo_za_alfajiri

Naomba niongezee kwenye upande wa kaliba maana mada inauliza hilo, na mi nimewinda na tatu tofauti kwa miaka mingi.

Kwanza .30-30. Kichwa chake kina upana uleule wa .308, inchi 0.308 kamili, lakini greni 170 inatoka na mita 670 tu kwa sekunde, mita 180 mbele imebaki na kama 495. Kwa hesabu ya shaba ya mdau hapo juu ingekuwa haifai kabisa, ila inaua na imeua kwa zaidi ya miaka 100, kwa sababu vichwa vya .30-30 vimetengenezwa laini makusudi, bapa mbele, koti jembamba, dirisha lake limeshushwa chini. Sasa chukua kichwa kilekile ukisukume kwa baruti ya .300 Win Mag mita 30, kitapasuka kama yai. Hivyo mtu akiniambia "kichwa cha .30" bado hajaniambia kitu, nataka kujua kilitengenezwa kwa kasi gani.

Pili 6.5 Creedmoor. Hii ni nyembamba kuliko .308 na wengi wanaidharau, lakini kichwa chake ni kirefu chembamba, hewa haikishiki sana. Greni 143 inatoka na mita 823, mita 450 mbele bado ina kama 620. Linganisha na mtutu_mfupi aliyefika 565 kwenye mita 320 tu. Kaliba ndogo imebeba kasi mbali kuliko kubwa. Kwa hiyo msitu_mnene samahani ndugu yangu, si kila umbali unaponywa na upana. Lakini (na hapa wapenzi wa 6.5 wanisikilize) nyembamba ikishindwa kuchanua adhabu yake ni kubwa zaidi, .243 isiyofunguka inatoboa tundu la milimita 6 basi, mnyama anaenda mbali mno.

Tatu ni .45-70 ya mzee mmoja tuliyekuwa tunatembea naye. Ile ya asili ya mwaka 1873, greni 405, mita 405 kwa sekunde. Ukisoma namba unasema haiwezi. Ila inaingia tayari ina upana wa milimita 11.6, eneo la uso wake ni kama mara tatu na nusu ya ile .243, na ni madini ya risasi matupu hayana koti. Hata isipochanua sana tundu lake tayari ni kubwa. Hapo ndo kaliba kubwa inapokuwa na maana kweli, pale ambapo kasi ni ndogo na hutegemei kuchanua.

msitu_mnene

Sawa nimekuelewa, hiyo ya .30-30 imenifungua macho. Mi nilizoea .375 H&H na greni 300 kwa karibu, pale sijawahi kuwaza mambo ya kuchanua.

nyayo_za_alfajiri

Na hukuhitaji kuwaza mkuu, .375 greni 300 inatoka na mita 770, wewe unapiga mita 60, uko katikati ya dirisha kila siku. Ni nzito kwa upana wake kwa hiyo inapenya, na vichwa vyake vinajengwa kwa kasi za hapo hapo. Ukiipeleka mita 350 na kichwa kigumu cha wanyama wakubwa ungekutana na kilio hikihiki cha mwenzetu.

mfuata_damu

Wadau nachangia kidogo kwenye ule upande wa juu ya dirisha maana watu wanaogopa kasi ndogo tu.

Mwaka 1946 mwindaji Mmarekani John Nosler alimpiga moose (aina ya kulungu mkubwa sana) kule British Columbia, Kanada, na .300 H&H Magnum, vichwa vikawa vinapasuka juu juu kwenye ngozi iliyojaa matope yaliyokauka na kwenye bega, haviingii ndani. Ndo akatengeneza kile kichwa chenye ukuta wa koti katikati, nusu ya mbele ichanue na kupotea, nusu ya nyuma iendelee kupenya hata iweje. Kikaanza kuuzwa 1948 na mpaka leo kipo. Kisa cha rafiki yako na nguruwe ni kilekile kabisa. Dawa ya kasi kubwa kwa karibu ni ujenzi mgumu: huo wa ukuta katikati, au ule ambao madini ya risasi yameunganishwa na koti yasiachane, au shaba tupu. Shaba inabaki na uzito wake karibu wote, asilimia 95 na zaidi, wakati kichwa cha kawaida mara nyingi kinabaki nusu au chini ya hapo. Ya rafiki yako na yako mngebadilishana siku ile kila mtu angelala vizuri, wallahi.

Jambo la pili ambalo limenichukua miaka kulikubali: kasi kubwa haimaanishi kupenya zaidi. Kichwa laini kikigonga na 880 kinajikunja kikawa kipana kama uyoga, upana huo ndo breki. Kilekile kikigonga na 680 kinachanua kiasi na kinaingia ndani zaidi. Nimeshatoa vichwa vilevile kwa wanyama wa ukubwa mmoja, wa mita 30 kimesimama chini ya ngozi upande wa pili kikiwa bapa kabisa, wa mita 200 kimetoka nje. Mara ya kwanza nilidhani nimechanganya maboksi.

Halafu mtutu_mfupi kuhusu lile windo lako, risasi ya shaba kwenye kasi ndogo usiipeleke nyuma ya bega kwenye mapafu tu. Mapafu ni kama sponji, yana hewa nyingi, hayasukumi ncha sana. Ukipiga mbele kidogo ikapitia bega ina kitu cha kukutana nacho. Lakini hiyo sio ruhusa ya kupiga mbali, nasema tu kwa umbali ambao kasi inatosha.

mtutu_mfupi

Hii ya mapafu inaeleza mengi, nilipiga palepale nyuma ya bega kama nilivyofundishwa.

Sasa niambieni, nibadilishe nini? Bunduki naipenda, mtutu mfupi unanisaidia kwenye vichaka na sitaki kurudi kwenye vipande kwenye nyama.

baruti_na_hesabu

Shuka uzito. Najua inasikika kinyume lakini kwa shaba inafanya kazi. Greni 130 kwenye mtutu wako inaweza kutoka na kama mita 870 kwa sekunde, na itakaa juu ya 610 mpaka mita 300 na kidogo, wakati 150 yako inaanguka chini ya 610 kwenye mita 260 hivi. Ungekuwa unatumia kichwa cha madini ya risasi nisingekushauri, chepesi kikipoteza nusu ya uzito hakibaki na kitu cha kupenya. Shaba haipotezi, kwa hiyo 130 ya shaba inaingia vizuri tu.

Pia kuna shaba zilizotengenezwa kwa umbali, tundu la ncha ni kubwa na kuta zimelainishwa, zinaanza kufunguka chini kidogo. Na upande wa madini ya risasi kuna vichwa vya masafa marefu vinavyotangazwa kuchanua mpaka karibu mita 400 kwa sekunde, ila jua kwamba dirisha likishushwa chini hivyo na juu nako linashuka, kwa karibu vinapasuka sana. Hujapata kichwa kinachofanya vyote.

Kabla ya yote lakini tafuta kronografu, kile kipima kasi ya risasi. Namba zangu hapa ni makadirio, bunduki mbili za mtutu sawa zinaweza kutofautiana mita 15 bila sababu ya kueleweka.

mfuata_damu

Na ujaribu kwenye maji. Panga madumu ya plastiki yaliyojaa maji, sita au saba kwenye mstari, nyuma weka ukingo mkubwa wa udongo, piga kwa umbali uleule unaotaka kuwinda, usipige mita 25 ukadhani umejifunza kitu. Ukishindwa kulenga dumu kwa mita 300 basi hapo nako umepata jibu lako la umbali. Kuna wanaopunguza baruti ili kuiga kasi ya mbali, inasaidia lakini sio sawasawa, kichwa kilichoruka mita 300 kimepoteza kasi ila mzunguko wake bado mkubwa, cha baruti ndogo kimepoteza vyote viwili na mzunguko nao unasaidia petali kufunguka.

Kichwa ukikiokota pima upana. Ukikuta mara moja na nusu ya mwanzo au zaidi uko ndani. Ukikuta ncha imefunguka kidogo tu kama mdomo wa chupa, rudi nyuma mita 50 ujaribu tena. Ila kumbuka maji ni rafiki kwa kichwa, yanafungua kirahisi kuliko mapafu, kwa hiyo kikishindwa kwenye maji kwa mnyama hakina hata nafasi.

nyayo_za_alfajiri

Ongeza na hewa. Ukiwinda juu mlimani hewa nyepesi, kasi inadumu zaidi. Ukishuka bondeni na baridi ya asubuhi inashuka, na baruti nyingine ikipoa inapunguza kasi tangu mdomoni. Sio tofauti kubwa ila kwa mtu anayecheza ukingoni kama wewe siku ile, mita 15 ndo kila kitu.

mtutu_mfupi

Wakuu nimerudi na majibu. Nilipata kronografu ya kuazima jana. Wastani wa risasi 10 za greni 150 ni mita 803 kwa sekunde. Boksi linasema 860. Baruti_na_hesabu uliniambia 805 bila hata kuiona bunduki yangu.

Madumu nimepiga pia. Mita 150 petali zote nne zimejikunja, upana milimita 15, safi. Mita 250 zimefunguka nusu, milimita 11 hivi. Mita 320, ileile, nilipata kichwa kwenye dumu la saba na ncha yake karibu nzima, unaweza kukirudisha kwenye ganda. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Nimeagiza za 130 nitazipima hivyohivyo. Mpaka hapo hizi 150 mwisho wangu ni mita 200, nimeandika kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kitako cha bunduki.

mfuata_damu

Ukizipima hizo 130 lete vipimo vya mita 300 hapa, na ile ya mita 40 pia usiisahau.